Abel Tasman kwa Shanta Mgongoni: Tathmini ya Njia Inayofuata Saa za Maji

Katika Hifadhi ya Taifa ya Abel Tasman, iliyoko kaskazini mwa Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, mtembezi halipi kiingilio. Anacholipia ni mahali pa kulala na, akipenda, kiti katika boti ya kumsogeza mbele au kumrudisha alikotoka. Kwa hiyo tathmini hii haihusu mandhari peke yake, ambayo wengi wamekwisha kuyasifu, bali inahusu huduma nzima anayoikuta mgeni mwenye shanta mgongoni: njia, vibanda, boti, na maandalizi yanayotakiwa kabla hajapiga hatua ya kwanza. Mimi na mwenzangu tuliitembea njia yote ya pwani, kilomita 60 kutoka Marahau upande wa kusini hadi Wainui upande wa kaskazini, kwa siku tano za mwishoni mwa Februari, tukilala Anchorage, Bark Bay, Awaroa na Whariwharangi. Niseme mapema kwamba naipa sifa kubwa, na kwamba sifa hiyo ina sharti moja: mtu aipange safari yake kwa jedwali la kupwa na kujaa kwa maji kabla ya kuipanga kwa kalenda.

Anayeijua pwani anafahamu kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kwamba saa hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku. Katika ghuba za Abel Tasman jambo hilo haliwahusu wavuvi tu. Mahori yake, yaani mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, ni tambarare, na wakati wa bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hukaribia mita nne, kiasi kwamba mahali palipokuwa uwanja wa mchanga asubuhi huwa bahari ya kupitisha boti kabla ya adhuhuri. Njia ya miguu inakutana na mahori ya namna hiyo mara tatu: Torrent Bay, Bark Bay na Awaroa. Mawili ya kwanza yana njia ya kuzunguka kwa nchi kavu, kwa hiyo aliyechelewa hupoteza muda tu. Awaroa haina njia ya kuzunguka. Pale mtembezi anaweza kuvuka kuanzia saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa mbili baada yake, na nje ya muda huo hana la kufanya ila kukaa chini na kungoja.

Nafasi za kulala, ziwe za vibandani au za kambini, ni lazima zilipiwe kabla ya safari mwaka mzima, kupitia tovuti ya Idara ya Uhifadhi ya nchi hiyo, na miezi ya Desemba hadi Februari hujaa mapema sana. Mgeni kutoka nje hulipa zaidi ya mkazi kwa kitanda kilekile, jambo ambalo naliona la haki, kwa sababu mkazi huitunza hifadhi kwa kodi yake mwaka mzima nasi wapitaji hatufanyi hivyo. Ushauri wangu kwa anayekaa mezani kuchagua tarehe ni kwamba afungue mambo mawili kwa pamoja, ukurasa wa nafasi na jedwali la maji, kisha aanze kuhesabu kutoka siku ya kuvuka Awaroa kurudi nyuma. Sisi tulianza kwa kutazama nafasi zilizo wazi, tukafurahi kupata vibanda vinne mfululizo, na tulipokuja kulitazama jedwali tukagundua kwamba tumejipangia kuvuka siku mbili baada ya mwezi mpevu, maji yakipwa saa 12:50 asubuhi, kabla hata jua halijachomoza. Mambo yalitunyookea, nami nitaeleza jinsi yalivyokwenda, lakini hatukuwa tumeyachagua.

Vibanda vyenyewe ni imara na safi. Anchorage na Bark Bay vina vitanda 34 kila kimoja, Awaroa 26, na Whariwharangi 20. Ndani kuna magodoro, chombo cha kupashia chumba joto, meza ndefu na maji ya bomba. Nje kuna vyoo. Kisichokuwepo, na ambacho kila mgeni anapaswa kukijua kabla hajafunga mzigo wake, ni jiko. Katika vibanda vya baadhi ya njia nyingine kubwa za New Zealand mtembezi hukuta majiko ya gesi wakati wa msimu, na wengi waliokwisha kupita huko hudhani kwamba Abel Tasman ni vivyo hivyo. Sivyo. Jiko, gesi, sufuria na kiberiti ni juu ya msafiri mwenyewe, na kwa kuwa mitungi ya gesi hairuhusiwi ndegeni, kila anayetoka ng'ambo hulazimika kununua au kukodi akifika. Hakuna mapipa ya taka mahali popote njiani, hivyo kila karatasi na kila kopo unalofungua hutoka hifadhini mgongoni mwako. Utaratibu huo mimi naupenda, kwani katika siku tano niliokota vipande viwili tu vya plastiki.

Hapa ndipo penye lalamiko langu la pekee lenye uzito, nalo halihusu hifadhi. Duka moja la kukodisha vifaa katika mji wa karibu lilitupatia jiko ambalo vali yake ilikuwa inavuja. Hatukulijaribu pale dukani, na usiku wa kwanza, kwenye ubaraza wa Anchorage, tulisikia harufu ya gesi kabla ya kuona moto wowote. Tuliutenganisha mtungi na jiko, tukauweka mbali na watu, na tangu usiku ule tulipika kwa hisani ya wanandoa wazee wenyeji wa nchi hiyo ambao ratiba yao ilifanana na yetu. Tuliporudisha jiko, muuzaji aliturudishia fedha bila ubishi, lakini alilipokea na kulitia katika sanduku moja na mengine mazima, mbele ya macho yetu, hadi tulipomwomba alitie alama. Kifaa kinachoshika moto ndani ya hema au karibu na vitanda 34 hakistahili kupokewa kwa wepesi namna hiyo. Liwasheni jiko dukani, mbele ya muuzaji, na mlitazame likiwaka kwa dakika tano nzima.

Boti ni sehemu ya huduma iliyonishangaza kuliko zote kwa uzuri wa mpangilio wake. Kampuni kadhaa husafirisha abiria kutoka Kaiteriteri na Marahau hadi Totaranui, zikishusha na kupakia watu katika fuo zilizo katikati. Pale Marahau maji yakiwa yamekupwa huwa mbali mno na barabara, kwa hiyo abiria hupanda boti ikiwa bado iko juu ya tela, trekta huivuta ikikata mchanga na maji ya kifundo cha mguu, hadi inapoelea. Boti hizi ndizo zinazoifanya njia hii imfae karibu mtu yeyote. Asiyeweza kubeba mzigo siku tano anaweza kushushwa Bark Bay na kurudi kwa miguu hadi Anchorage; aliyeumia mguu hahitaji helikopta; mwenye siku moja tu anaweza kuonja kilomita kumi nzuri kuliko zote na bado akalala mjini. Nyingi hupitia kwanza Tokangawhā, jabali la mviringo la graniti lililopasuka katikati na kusimama majini vipande viwili kama tunda lililokatwa kwa kisu.

Lakini wepesi huo una gharama, nayo hulipwa na anayetembea kwa utulivu. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, fuo zilizo baina ya Anchorage na Bark Bay hupokea boti moja baada ya nyingine, na makundi ya kayaki hutanda mchangani na vyombo vyao vyenye rangi kali. Anayefika Anchorage adhuhuri ya Februari akitafuta upweke atasikitika. Dawa yake ni rahisi: kutembea mapema, kupumzika msituni wakati wa joto, na kuuachia ufuo uwe wa wote hadi boti ya mwisho iondoke. Kuanzia saa kumi na moja jioni ghuba ilikuwa yetu, sisi na watu wapatao thelathini waliokuwa na kitanda au hema pale, na hapo ndipo nilipoona tofauti kati ya aliyelipia kiti cha boti na aliyelipia kulala. Tulikwenda hadi ghuba ndogo ya Te Pukatea, mwendo mfupi nyuma ya rasi, tukakuta mchanga hauna nyayo hata moja.

Njia imetunzwa vizuri kiasi kwamba mtu asiyezoea milima hataogopa. Ni pana, mteremko wake ni wa taratibu, vijito vyote vya maana vina madaraja, na alama zake hazipotezi mtu. Inapanda juu ya kila rasi kupitia msitu wa miti ya kānuka na kangaga ndefu kama minazi, zile ambazo Wamaori huziita ponga, kisha inateremka tena hadi ufuoni, na mchezo huo wa kupanda na kushuka huendelea siku nzima. Rangi ya mchanga, ambayo katika picha nilidhani imeongezwa chumvi, ni ya kweli: ni graniti iliyosagika, yenye chembe zilizotiwa kutu na madini ya chuma, na jua la asubuhi likiipiga kwa ubavu hung'aa kama shaba iliyosuguliwa.

Siku ya pili tulipoondoka Anchorage saa tatu asubuhi, maji ya Torrent Bay yalikuwa yakijaa kwa kasi, nasi tukalazimika kuzunguka. Kwa njia ya kukatisha hori, mwendo wa kutoka Anchorage hadi Bark Bay ni kilomita 8.4, kwa kuzunguka ni 11.5. Wanaolaumu nyongeza hiyo wanakosea. Njia ya kuzunguka ndiyo inayompitisha mtu kwenye kichochoro cha kwenda Cleopatra's Pool, bwawa la maji baridi ambapo mto umelainisha mwamba hadi ukawa mtelezo, na watu wazima hukaa juu yake na kuteleza hadi majini wakipiga kelele kama watoto. Maji yake ni baridi mno. Niliingia na kutoka mara moja, na miguu iliyokuwa imechoka ikawa mipya. Baada ya hapo, mbele kidogo, kuna daraja la kuning'inia la mto Falls lenye urefu wa mita 47, linalotikisika kidogo tu chini ya mzigo, na chini yake maji yana rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza msituni.

Siku ya tatu, kutoka Bark Bay hadi Awaroa, ndiyo iliyojaa mambo. Tulivuka hori la Bark Bay saa moja asubuhi maji yakiwa bado chini. Njia hupita machimbo ya zamani ya Tonga, ambako graniti ilichongwa na kupakiwa melini. Mawe ya pale ndiyo yaliyojenga ngazi za kanisa kuu la Nelson, na mtu aliyezipanda ngazi hizo akiwa mjini, kama sisi, hufurahi kuyakuta mabonge mengine yamelala ufuoni hadi leo, yakiwa na alama za vyuma. Bahari iliyo mbele ni hifadhi ya bahari ya Kisiwa cha Tonga, iliyoanzishwa mwaka 1993, ambamo hakuna ruhusa ya kuvua wala kuchukua chochote. Tofauti yake huonekana kwa macho. Kutoka juu ya rasi tuliona samaki katika maji ya kina cha mtu, na sili wamelala juu ya majabali ya kisiwa wakiota jua. Kanuni ni kukaa mita 20 kutoka kwa sili aliyeko nchi kavu, na nilipenda kuona kwamba waongozaji wa kayaki waliwazuia wageni wao bila kungoja kuambiwa. Kisha huja Onetahuti, ufuo mrefu ambao ungetosha kuwa sababu ya safari peke yake.

Yapo mambo mawili kuhusu Awaroa ambayo nadhani kila mgeni anapaswa kuyajua kabla ya kuweka mzigo wake chini pale. La kwanza ni kwamba sehemu ya ufuo wake, hekta 7 hivi, ilikuwa mali ya mtu binafsi, na ilipowekwa sokoni wananchi walichangishana mtandaoni. Watu wapatao 40,000 walitoa walichonacho, zikapatikana zaidi ya dola milioni mbili za New Zealand, na Julai 2016 ufuo ulikabidhiwa rasmi uwe sehemu ya hifadhi. Tuliutembea jioni ile kwa heshima ambayo sijawahi kuwa nayo kwa kipande cha mchanga, nikijua kwamba umenunuliwa na makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wasiotarajia kuukanyaga, ili mimi nisiyewajua niweze kupita bure.

La pili ni hori lenyewe. Usiku ule hakuna aliyelala sana. Kibandani palikuwa na watu ishirini na zaidi, na wote tulikuwa na saa moja vichwani: kuvuka kungewezekana kuanzia saa 11:20 alfajiri hadi saa 2:50 asubuhi. Ubao wa ukutani ulikuwa na saa hizo zimeandikwa kwa chaki, na kila aliyepita aliusoma tena kana kwamba huenda zimebadilika. Tuliamka saa kumi na moja kasoro, tukafunga mizigo kwa mwanga mwekundu wa taa za kichwani ili tusiwasumbue waliokusudia kungoja nuru, na saa kumi na mbili kamili tulikuwa ukingoni. Mwezi ulikuwa bado juu upande wa magharibi, mkubwa, na chini yake uwanja mzima wa hori ulikuwa mtupu, wenye mistari ya maji iliyobaki kama nyuzi za fedha. Kulikuwa kimya isipokuwa sauti ndogo ya kuchezacheza ya matope yanaponyonya maji, ile ambayo mtu aliyekulia karibu na bahari huitambua hata akiwa amefumba macho.

Tulivuka kwa viatu miguuni, na nasisitiza hilo kwa sababu nilimwona kijana mmoja aliyevua vyake akikanyaga makombe na kurudi ukingoni na unyayo unaovuja damu. Mchanga ni mgumu mahali pengi, laini katika mifereji. Mfereji wa mwisho, ulio karibu na upande wa kaskazini, ulifika chini ya magoti yangu, na maji yake yalikuwa na mkondo unaohisika. Tulichukua kama nusu saa, tukienda polepole. Tulipofika ng'ambo tulikaa juu ya gogo, tukakausha miguu, tukatazama nuru ikiingia na watu wengine wakija kwa vikundi, kila kikundi na kivuli chake kirefu. Saa tatu na nusu maji yalikuwa yamerudi, na pale tulipopita mguu mkavu palikuwa na boti. Kama ningelazimika kutaja saa moja tu kati ya siku zile tano iliyostahili nauli yote ya kuvuka dunia, ningetaja hiyo, na ndiyo sababu naandika kwa kirefu juu yake: anayeshushwa na boti Awaroa mchana na kuondoka jioni ameona ufuo mzuri, lakini hajaliona hori likibadilika kuwa nchi na kurudi kuwa bahari.

Kuhusu wanyama na ndege, mgeni asitarajie makundi makubwa. Hii ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote za New Zealand, kilomita za mraba 237 tu, na ardhi yake iliwahi kuchomwa na kulimwa na walowezi kabla ya kulindwa. Kinachotia moyo ni kazi inayoonekana kando ya njia: masanduku ya mitego ya kunasa panya na stoti (mnyama mdogo mla nyama anayefanana na nguchiro), wanyama walioletwa na Wazungu ambao huwamaliza ndege wanaotaga chini. Taasisi ya hisani ya Project Janszoon, iliyoanza kazi mwaka 2012, inashirikiana na serikali na wenyeji wa Kimaori kuurudisha uhai wa msitu huu kabla hifadhi haijatimiza miaka mia moja mwaka 2042, na ndege kama kākā wamerudishwa porini. Sisi tuliwasikia tūī na korimako kila asubuhi, na pīwakawaka, ndege mdogo mwenye mkia kama kipepeo cha mkononi, alitufuata msituni akila wadudu tuliowatimua. Ndege aitwaye weka naye haruki, bali huiba. Alichukua soksi moja ya mwenzangu mchana kweupe. Usubi ndio adui mkubwa zaidi. Huuma vifundoni na viganjani jua linapotua, na dawa ya kujipaka ni muhimu sawasawa na maji ya kunywa.

Jina la hifadhi linastahili neno pia. Abel Janszoon Tasman alikuwa baharia Mholanzi aliyefika na meli mbili katika ghuba ya jirani mnamo Desemba 1642. Wenyeji, watu wa Ngāti Tūmatakōkiri, walipambana na mashua yake, mabaharia wanne wakauawa, naye akaondoka bila kukanyaga nchi ile, akiiacha na jina la Ghuba ya Wauaji. Hifadhi ilifunguliwa mwaka 1942, miaka 300 kamili baadaye, kutokana na kampeni iliyoongozwa na Perrine Moncrieff, mwanamke aliyependa ndege na aliyeshika kalamu bila kuchoka, na Malkia Wilhelmina wa Uholanzi alikubali kuwa mlezi wake. Namheshimu Moncrieff kwa dhati, kwani bila yeye huenda msitu huu ungekwisha kwa misumeno. Lakini naona si sawa kwamba pwani iliyokaliwa na Wamaori kwa karne nyingi imebeba jina la mtu ambaye hakuikanyaga. Majina ya Kimaori yapo vibaoni, na mgeni akijifunza kuyatamka walau machache kabla ya kufika, atakuwa amefanya jambo la adabu.

Kaskazini ya Totaranui, ambako boti huishia, hifadhi hubadilika. Totaranui yenyewe hufikiwa kwa barabara ya changarawe na ina kambi kubwa ya familia zenye magari, lakini ukiipita kwa saa moja watu hupungua mara moja. Kati ya pale na Whariwharangi tulikutana na watembezi sita tu. Mutton Cove ni ghuba ya kupigia hema ambayo nitaikumbuka daima, na njia ya pembeni ya kwenda rasi ya Separation Point, ingawa ni ya mwinuko mkali mwishoni, humfikisha mtu juu ya majabali wanakolala sili, na kutoka hapo ghuba mbili huonekana kwa pamoja. Siku hiyo ina kilomita 16.9 na ndiyo ndefu kuliko zote; aliyeianza gizani kwa ajili ya hori, kama sisi, huimaliza jioni miguu ikiwa mizito. Kibanda cha Whariwharangi si kibanda kwa kweli. Ni nyumba ya ghorofa ya mfugaji, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na kukarabatiwa, yenye ngazi za mbao zinazolia kila anayeshuka usiku. Ndicho nilichokipenda kuliko vyote vinne.

Kutoka hapo hadi Wainui ni kilomita 5.7 tu, mwendo wa saa mbili, lakini atakayefika bila kupanga usafiri atakaa sana kwenye maegesho, kwa sababu Marahau iko upande wa pili wa mlima Tākaka na barabara ni ya kuzunguka. Gari dogo la abiria linapaswa kulipiwa mapema. Asiyetaka shida hiyo amalizie Totaranui na arudi kwa boti. Atakosa sehemu tulivu kuliko zote, ila atakuwa ameokoa siku nzima.

Njia hii inamfaa mtu anayesafiri kwa mara ya kwanza akiwa na mzigo mgongoni, inamfaa mzee mwenye magoti yanayouma lakini mwenye subira, na inawafaa wazazi wenye watoto wanaoweza kutembea saa nne. Haimfai anayetafuta vilele, wala anayechukia kukutana na watu adhuhuri. Mimi nimekwisha kuamua nitakavyoirudia: nitaanzia Wainui, nilale Whariwharangi, na nitachagua siku ya nane baada ya mwezi mpevu, ambapo maji ni mafu, yaani tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na hupwa Awaroa karibu na saa sita mchana. Nikitoka kibandani saa moja asubuhi, nitakuwa na muda wa kufika ukingoni, kula, kuvua soksi na kukaza kamba za viatu kabla hori halijafunga njia yake.